Kupima DNA ya funza wa matunda ili kujua ni wa nzi gani: nimetumia mara mbili, maoni yangu haya hapa

Kwanza kabisa, kama unaye nzi mkubwa (aliyekomaa), mabawa yapo na mgongo haujachubuka, DNA ya nini sasa, mpe mtaalamu amtazame kwa hadubini atakutajia jina mara nyingi hapo hapo. Mimi nilikuwa na funza tu, na funza wa hawa nzi wa matunda ukiwapanga mezani huyu wa Ceratitis na yule wa Bactrocera (majina ya kisayansi ya makundi mawili ya nzi hao) yaani ni punje za wali zinazotembea, hata wazoefu wanakwama. Njia ya zamani ni kuwafuga mpaka watoke nzi, wiki kadhaa hizo, na wakifa njiani ndo basi tena.

Mara ya kwanza nikawatia kwenye fomalini (ile dawa ya kuhifadhi vielelezo) nikatuma maabara, majibu: hakuna kitu. Kumbe fomalini inaharibu DNA, na kwenye maelekezo ya maabara hakuna aliyeandika hilo, mtu analipia sampuli iliyokufa mara mbili! Mara ya pili nikaweka kwenye ethanoli ya 95%, safari hii wakasoma ile jeni ya COI, ambayo hutumika sana kutambua aina za wadudu, kipande cha herufi za DNA kama 650 hivi, wakalinganisha na zilizohifadhiwa kwenye hazina ya data, likatoka jina Bactrocera dorsalis. Pembeni wameandika na jina invadens nikashtuka nikadhani ni wadudu wawili, kumbe ni yule yule, alionekana Kenya 2003, akapewa jina lake 2005, halafu 2015 wataalamu wakasema jamani huyu ni dorsalis tu.

Sasa hapa ndo pananiudhi. Ripoti imeandikwa kwa kujiamini kama hukumu ya mahakama, ila COI peke yake haimtenganishi vizuri dorsalis na ndugu yake carambolae, aina nyingine ya Bactrocera. Nilipouliza ndo wakaniambia aah, hapo tungeongeza kipande cha ITS1, yaani sehemu nyingine ya DNA. Si mngesema mapema? Ukituma uliza kabisa wanasoma jeni gani, maana kuna wengine kama rosa na fasciventris wa kundi la Ceratitis nao COI inawachanganya.

Nimejaribu pia kile kipimo cha haraka cha DNA kiitwacho LAMP, unapasha moto kwenye nyuzi 65 hivi, ndani ya saa moja rangi inabadilika, hakihitaji mashine kubwa, kwa wakaguzi wa bandarini kinafaa sana. Ila kinajibu swali moja tu, ni yule mdudu kinayemtafuta au siye. Kikisema siye, ni nani sasa? Unarudi kule kule maabara.

Halafu wanaotuma nzi mkubwa, mguu mmoja tu unatosha kutoa DNA, mwili uliobaki waambie maabara wasiutupe, ukitokea ubishi utahitajika.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja imeondoka na fomalini, ingawa na mimi ningeuliza kabla ya kufunga chupa.