Nilipopata waoshaji wanaoijua rangi ya gari, Section 58 Nakuru

Kazi yangu ni kuwauzia wafugaji dawa za mifugo. Wiki nzima niko Njoro, Elburgon na Molo, narudi Nakuru matope yamefika hadi kwenye vioo. Gari langu, Toyota Fielder, ni jeusi, na rangi nyeusi haisitiri kitu.

Mwaka mzima nilikuwa naioshea kituo kimoja karibu na nyumbani, shilingi 200, mara moja umetoka. Siku moja nikakaa nikawatazama. Kijana alisugua rimu, kitambaa kikamponyoka kikaanguka kwenye changarawe, akakiokota, akakichovya kwenye ndoo ileile ya sabuni ya unga ya kufulia, akapanda nacho kwenye boneti. Jioni jua lilipoimulika niliona mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui, kutoka taa hadi kioo cha mbele. Iliniuma. Gari hili nimelilipia mkopo miaka mitatu.

Mwenzangu kazini ndiye aliyenielekeza Section 58. Kibao chao hakina jina, kimeandikwa tu "Tunaosha magari". Walianza kwa mashine ya presha, matope yote yakashuka kabla mkono haujagusa rangi. Kisha ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila wamalizapo kipande. Wanaanzia paa. Rimu zina ndoo na brashi yake.

Gari lilipokuwa safi kabisa machoni pangu, fundi alivaa karatasi laini ya plastiki ya mkate mkononi kama soksi, akapitisha vidole juu ya boneti. "Madam, hebu gusa." Kupitia karatasi ile nilihisi chembechembe, kama mchanga kwenye sufuria iliyosuuzwa vibaya. Akasema ni lami na vumbi la breki vilivyoshikamana na rangi, sabuni haiving'oi. Akatoa udongo maalum, laini kama unga wa chapati uliokandwa, akalowesha boneti kwa maji ya shampuu na kuutelezesha polepole bila kukandamiza. Alipougeuza ulikuwa kahawia. Nikavaa tena karatasi ya mkate: boneti lilikuwa nyororo kama kioo.

Kuhusu mikwaruzo aliniambia ukweli. Isiyonasa ukucha hutoka kwa polishi. Inayonasa imezama mno. Na polishi hula kidogo klia, lile koti la juu linalong'aa, kwa hiyo si ya kupigwa kila mwezi. Mikwaruzo yangu ilitoka karibu yote. Juu yake wakapaka nta, na sasa mvua ya Molo inajikunja matone kama juu ya jani la nduma. Jumla shilingi 3,500, kazi ya muda wa saa nne. Kuosha tu ni 400.

Kasoro yao ni kukosa kivuli. Boneti likiwa moto hawaoshi, maana shampuu hukauka na kuacha madoa, basi ukifika saa saba mchana utasubiri. Wako sawa, lakini wangeezeka hata mabati manne. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi.

Nilipoondoka alinipa kitambaa na kachupa ka maji: nikikuta kinyesi cha ndege nikiloweshe kwanza, nisikikwangue kikiwa kikavu, wala nisikiache kilale, kinakula rangi. Ninaegesha chini ya mti kazini. Wiki hii nimekitumia mara mbili.