Likizo ya kisiwani ndani ya Orlando: hoteli nne, na ipi inastahili pesa yako

Hoteli za Orlando zipime saa nane mchana. Wakati wa kiangazi cha Florida joto hufika nyuzi 32 au 33, foleni zimejaa, watoto wamechoka, na mawingu meusi yameanza kujikusanya kwa mvua ya radi ambayo huja karibu kila alasiri. Aliyechagua vizuri, saa hiyo ameshavua viatu na yuko kando ya bwawa la kuogelea. Aliyechagua kwa picha yuko kituoni anasubiri basi, mtoto amemlalia begani, fulana imegandana na mgongo.

Ndiyo maana sianzi na minazi. Hoteli zote nne nitakazozitaja zina miti ya pwani, zina mchanga, zina vinywaji vya nanasi. Tofauti yao iko kwenye njia ya kutoka na kurudi, na kwenye kile unachopewa pamoja na chumba. Nimezipanga kwa kipimo hicho.

Jambo moja kabla ya orodha: chagua kampuni kwanza, hoteli baadaye. Walt Disney World na Universal Orlando, vituo viwili vikubwa vya bustani za burudani, ziko mbali kiasi cha kuhitaji gari, na ukilala upande mmoja huku siku zako nyingi ziko upande wa pili, unalipia faida usizozitumia. Tena usichanganye na Aulani, hoteli ya Disney iliyofunguliwa 2011 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Hiyo ni ya ufukweni kwelikweli, lakini haina bustani ya burudani. Kuna watu hugundua hilo wakiwa wameshalipa.

1. Loews Royal Pacific Resort, Universal

Ilifunguliwa 2002, ina vyumba 1,000, na imejengwa kwa sura ya visiwa vya Pasifiki ya Kusini vya miaka ya 1930. Unapita juu ya daraja, unaingia ndani, na mbele yako kuna ua wa okidi wenye maji na sanamu za tembo. Bwawa lina kipande cha mchanga ambapo watoto wadogo huweza kukaa nusu siku bila kudai kitu kingine. Ni hoteli nzuri, ila si uzuri ulioipa nafasi ya kwanza.

Iliyoipa nafasi hiyo ni pasi. Kila aliyeandikishwa chumbani hupewa Universal Express Unlimited, inayomruhusu kupita njia fupi kwenye foleni za michezo mingi ya Universal Studios Florida na Islands of Adventure, mara nyingi atakavyo. Ukiinunua kando, pasi hii kwa kawaida huzidi dola 100 kwa mtu mmoja kwa siku, na siku za msongamano hupanda mbali zaidi. Sasa piga hesabu ya familia ya watu wanne wanaolala usiku mmoja tu. Pasi hufanya kazi siku ya kuingia, hata kama chumba hakijawa tayari, na pia siku ya kutoka, hata ukisharudisha chumba. Watu wanne kwa siku mbili ni pasi nane, zaidi ya dola 800. Chumba chenyewe kwa usiku wa kawaida huwa chini ya hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenye bajeti ya kubana ni huu: lala Royal Pacific usiku mmoja, siku hizo mbili zitumie kucheza kila kitu bila foleni, kisha uhamie hoteli ya bei nafuu kwa siku zilizobaki za kuogelea na kupumzika. Kufungasha mizigo katikati ya likizo ni kero, nakiri, lakini ni kero ya saa moja inayookoa mamia ya dola.

Njia ya kurudi ni nyepesi. Kuna kijia cha bustani unachotembea kama dakika kumi hivi, au boti inayokuteremsha kando ya hoteli. Mtoto akianza kulia saa nane kasoro, saa nane na robo yuko majini.

Mambo mawili ya kuyajua mapema. Pasi hii si tiketi. Kiingilio cha bustani unanunua mwenyewe. Na haifanyi kazi Volcano Bay, bustani ya maji ya Universal, wala Epic Universe, bustani mpya iliyofunguliwa Mei 22, 2025. Kama safari yako yote ni kwa ajili ya Epic, basi sababu kubwa ya kulipia Royal Pacific imeondoka.

2. Disney's Polynesian Village Resort

Hii ndiyo mkongwe wao. Ilifungua milango Oktoba 1, 1971, siku ileile ya Magic Kingdom, na iko ng'ambo ya ziwa kutoka bustani hiyo. Nyumba zake ndefu zimepewa majina ya visiwa: Samoa, Fiji, Tonga, Rarotonga na vinginevyo. Katikati ni jengo la mapokezi linaloitwa Great Ceremonial House, na treni ya reli moja husimama papo hapo, ghorofa ya juu. Ukipenda maji kuliko reli, boti inakupeleka Magic Kingdom. Na ukitembea dakika chache unafika kituo kikuu cha usafiri, ambako unapanda treni ya EPCOT, bustani nyingine ya Disney, bila kubadili nyingine.

Ukiuliza ni hoteli ipi inayokupa kisiwa hasa, jibu ni hii. Ngoja jioni, teremka ufukweni bila viatu. Mchanga umeshapoa. Viti vimeelekezwa majini, watoto wanachimba mashimo gizani, na ng'ambo kasri la Magic Kingdom linang'aa dogo kama taa ya mezani. Fataki zinapoanza, muziki wake unasikika kwenye spika za ufukweni, na kila mlio unakuja nyuma kidogo ya mwanga wake kwa sababu ya umbali wa maji. Dakika chache baadaye umeshafika kitandani, wakati maelfu ya watu upande wa pili bado wanasukumana kutafuta usafiri. Kwa mwenye mtoto wa miaka mitatu, hilo lina thamani kubwa.

Kwa nini basi imekuwa ya pili? Bei. Chumba mara nyingi huzidi dola 600 kwa usiku kabla ya kodi, na misimu ya sikukuu hupaa kupita hapo, bila kitu chenye uzito wa ile pasi ya Universal. Unapata kuingia bustanini dakika 30 kabla ya umma, lakini hilo hupewa wageni wa hoteli zote za Disney, hata za bei ya chini. Kinachokuja na hadhi yake ni zile jioni chache ambazo bustani fulani hubaki wazi kwa ajili ya wageni wa hoteli za daraja la juu.

Chagua nyumba ndefu za zamani. Island Tower, jengo jipya lililofunguliwa Desemba 2024, ni safi na la kisasa, ila lina hisia za jengo la ghorofa zaidi kuliko kijiji. Tena baadhi ya vyumba vyake vidogo ni vya watu wawili tu, hivyo soma idadi kabla ya kulipa. Vile vibanda 20 vilivyojengwa juu ya maji waachieni wenye hela ya kuchezea. Bei yake ni maelfu ya dola kwa usiku, na feri hupita jirani na honi yake.

Njia halali ya kupunguza bei ni kukodi pointi kutoka kwa mwanachama wa Disney Vacation Club, klabu ambayo wanachama wake hulipia malazi kwa pointi. Unalala sehemu ileile kwa bei ya chini sana kuliko ya kaunta. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi ukishalipa hurudishiwi, kwa hiyo ifanye tu kama tarehe zako hazitabadilika.

Na tafadhali wazazi: ziwa la mbele ya hoteli si la kuogelea. Maziwa ya Florida yana mamba wa huko, aligeta, na mwaka 2016 mtoto mdogo aliuawa kando ya ziwa hilihili. Sasa kuna uzio na mabango. Mchanga ni wa kuchezea, maji ni ya kutazama. Anayetaka kuogelea kuna mabwawa, yakiwemo Lava Pool lenye mlima wa volkano na Oasis Pool lililo tulivu zaidi.

3. Loews Sapphire Falls Resort, Universal

Hapa visiwa ni vya Karibi. Ilifunguliwa 2016, nayo ina vyumba 1,000, na bwawa lake ni kubwa kiasi kwamba hata wikiendi unapata kona. Boti ipo, kijia cha miguu kipo. Ni mbali kidogo tu kuliko jirani yake Royal Pacific. Inachokosa ni ile pasi ya bure. Kama umeshamaliza michezo yenye foleni, au unasafiri wiki tulivu, hutaikosa sana. Unabaki na haki ya kuingia bustanini mapema kabla ya umma, na akiba ya kutosha kulipia siku nzima Volcano Bay. Kwa wanandoa wasio na watoto, ningeiweka ya pili.

4. Disney's Caribbean Beach Resort

Ya mwaka 1988, daraja la kati, na kwa bei ndiyo njia nyepesi ya kulala kisiwani upande wa Disney. Vijiji vyake, Jamaica, Aruba, Martinique na Trinidad, vimezunguka ziwa, na bwawa kuu limejengwa kama ngome ya Kihispania yenye mizinga inayorusha maji. Tangu Septemba 2019 ndiyo kituo kikuu cha Skyliner, vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo hadi Hollywood Studios na EPCOT. Safari yenyewe ni burudani.

Tatizo ni ukubwa wake. Ukipangiwa chumba cha upande wa mbali, kufuata kahawa ya asubuhi ni matembezi kamili. Na radi ikianza, Skyliner husimama, nayo radi hupenda saa ileile ya nane. Unapohifadhi, omba Jamaica kama lengo lako ni Skyliner. Magic Kingdom na Animal Kingdom unakwenda kwa basi, hakuna namna.

Siku ya maji

Usipange likizo ya aina hii bila siku moja ya bustani ya maji. Volcano Bay ya Universal, iliyofunguliwa 2017, ndiyo chaguo langu. Mlima wake wa volkano, Krakatau, una urefu wa kama mita 60, na unavalishwa bangili iitwayo TapuTapu: unaigusisha mlangoni pa mchezo, inakuwekea foleni, wewe unaendelea kuogelea hadi zamu yako ifike. Wageni wa Cabana Bay, hoteli ya bei nafuu iliyo jirani, huenda kwa miguu.

Typhoon Lagoon ya Disney, ya mwaka 1989, ni bora kwa anayependa mawimbi makubwa na kivuli cha miti. Disney ina bustani mbili za maji na mara nyingi hufunga moja kwa miezi kadhaa kwa matengenezo, kwa hiyo angalia kalenda kabla ya kumuahidi mtoto. Tangu 2025 wageni wa hoteli za Disney wameweza kuingia bustani ya maji bure siku ya kufika. Hakikisha kama bado inatolewa kwa tarehe zako.

Pesa zisizoonekana kwenye tangazo

Kodi ya chumba hapa ni asilimia 12.5, na mara nyingi haimo kwenye bei ya kwanza unayoonyeshwa. Maegesho ya usiku ni bure kwa wageni wa hoteli za Disney, lakini Universal hulipisha kila usiku. Usafiri kutoka uwanja wa ndege ni juu yako, kwani lile basi la bure la Disney lilikoma Januari 2022.

Kuhusu msimu: vimbunga huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na hatari huzidi Agosti hadi Oktoba. Mwisho wa Agosti na Septemba ndipo vyumba hushuka bei, na ndiyo sababu yake. Januari foleni huwa fupi lakini usiku unaweza kuwa wa baridi kali, na ufukwe bila joto haunogi. Wiki za mwisho za Aprili, Pasaka ikishapita, na mwanzo wa Mei, ndizo ningezinunua kwa pesa yangu.

Unapolipa, hifadhi chumba peke yake na tiketi kando, badala ya kifurushi, kama bei hazitofautiani sana. Masharti ya kughairi chumba ni mepesi zaidi. Kisha kila baada ya wiki mbili fungua tena ukurasa wa tarehe zako. Bei ikishuka, hifadhi upya kwa bei mpya, ngoja uthibitisho uingie kwenye barua pepe, ndipo ughairi ule wa zamani.