Gundi ya polisulfidi kwenye kingo za madirisha ya vioo viwili, baada ya misimu miwili ya mvua Lubumbashi

Nyumba yetu iko upande wa barabara iendayo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kwa kuwa malori hunguruma hapo usiku kucha, tuliamua kuweka madirisha ya vioo viwili vilivyofungwa pamoja, vyenye nafasi ya hewa katikati. Seti ya kwanza haikumaliza mwaka wa pili. Ukungu uliingia kati ya vioo, mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika, na karakana iliyotuuzia ikatuambia kwamba hilo ni jasho la nyumba. Sikuridhika na jibu hilo, kwa sababu jasho la nyumba hutokea upande wa chumbani na hufutika kwa mkono.

Tulipolivua dirisha moja na kulipasua, tulikuta kingo zimezibwa kwa tabaka moja tu la silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki wakati wa kukauka, na kwenye pembe mbili unene wake haukufika hata milimita 2. Silikoni hushika kioo vizuri na huzuia maji ya mvua, lakini mvuke wa maji hupenya ndani yake kwa urahisi sana kuliko watu wanavyodhani. Zaidi ya hayo, ile ya siki hutoa asidi ambayo inaweza kuharibu alumini na mipako ya kioo, kwa hiyo haifai kabisa kwa kazi hii, hata kama ndiyo inayopatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi.

Seti ya pili tuliiagiza kwa fundi mwingine, ambaye alikubali nikae karakanani nikimwangalia. Yeye huziba kwa hatua mbili. Kwanza huweka uzi wa butili, gundi nata ya mpira, kwenye pande zote mbili za fremu nyembamba ya alumini inayotenganisha vioo. Butili haina nguvu ya kubeba uzito, ila ndiyo inayozuia mvuke kuliko gundi nyingine zote za kazi hii. Kisha, nje ya fremu hiyo, hujaza polisulfidi, ambayo ndiyo inayovishika vioo viwili visiachane. Ndani ya fremu ya alumini humimina chembe za kunyonya unyevu. Nilipomuuliza nitajuaje kama chembe hizo hazijachoka, aliniwekea chache kiganjani, akadondoshea maji, akasema, “Papa, fumba mkono.” Zilipata joto mara moja, karibu la kunifanya nizitupe. Chembe zilizokwisha kunywa unyevu wa hewa kwa sababu mfuko uliachwa wazi hubaki baridi, na dirisha litakalojazwa chembe za namna hiyo litapata ukungu mapema hata kama gundi yake ni bora.

Polisulfidi yenyewe huja katika makopo mawili: uji mzito mweupe, na kikaushio cheusi chenye dioksidi ya manganizi, madini ambayo sisi wa Katanga tunayafahamu tangu machimbo ya Kisenge. Huchanganywa kwa ujazo wa 10 kwa 1. Hapa ndipo ninapoisifu na kuionya kwa pamoja, maana gundi hii haimsamehe fundi mvivu. Fundi wetu alichukua donge dogo la mchanganyiko, akalibana kati ya vipande viwili vya kioo, akalitazama kwenye mwanga; palionekana michirizi myeupe, akarudi kuchanganya, na mara ya pili rangi ilikuwa moja tupu. Michirizi hiyo ingebaki kuwa sehemu laini zisizokauka kamwe. Mwezi wa kumi, joto linapokuwa kali, muda wa kuifanyia kazi hupungua sana, hivyo ni afadhali achanganye kidogo kidogo. Harufu yake ya kiberiti inakera, na gundi yenyewe inahitaji glavu, jambo ambalo vijana wake wawili hawakulizingatia mpaka nilipolisema.

Kuna faida nyingine ya kufungiwa vioo hapahapa mjini. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ile ya pwani. Dirisha lililozibwa Dar es Salaam au Durban hufika huku likiwa na hewa nzito ndani, vioo vyake vikatutumka, na kingo zikavutwa mfululizo tangu siku ya kwanza. Jua la mchana linapoipasha moto hewa hiyo, mvuto huo huongezeka.

Udhaifu wa polisulfidi ni mwanga wa jua na maji yaliyotuama. Jua hudhoofisha mshiko wake kwenye kioo, ndiyo maana ni lazima ukingo wote ufichwe ndani ya fremu. Kwa majengo ya vioo vitupu visivyo na fremu ya nje, silikoni maalumu isiyo ya siki ndiyo inayostahili, juu ya butili ileile. Kuhusu maji, mwombe fundi akuonyeshe matundu ya kutolea maji chini ya fremu na vijibao vya plastiki vinavyoinua kioo kisikae dimbwini. Kwetu dirisha moja lilikuwa na tundu lililozibwa na vumbi jekundu na mabaki ya saruji, na tulilizibua kabla ya mvua za Novemba.

Bei ilizidi ile ya kwanza, na tulisubiri siku kadhaa gundi ikauke vya kutosha ndipo vioo vibebwe. Pembe moja ilikuwa na uwazi ambamo ncha ya kalamu iliingia. Fundi aliifungua, akaijaza upya bila ubishi. Misimu miwili ya mvua imepita, na asubuhi za Julai, baridi inapokuwa kali, umande huonekana nje ya vioo, lakini katikati hakuna hata alama. Madirisha mawili ya jikoni bado ni ya seti ya kwanza, nayo nimekwisha kuyalipia malipo ya awali kwa fundi huyuhuyu.