Cloud SQL kwa mstari wa amri: nzuri kwa Lubumbashi, ila chunga mipangilio yake ya awali

Kwa anayeendesha programu ya stoki ya depo au farmasi kadhaa za Lubumbashi, Cloud SQL, yaani hifadhidata (hapa ya aina ya PostgreSQL) inayotunzwa na Google, inapunguza kazi nyingi ya seva. Iunde kwa `gcloud`, programu ya Google ya kuandikia amri, si kwa kurasa zao za wavuti. Kurasa hizo zinakula mega, na intaneti ikikatika katikati hujui kama fomu imefika. Amri ni maandishi machache tu. Ikishapokelewa, kazi inaendelea kulekule hata umeme wa huku ukizimika.

Ukiwa na akaunti ya malipo yenye kadi ya benki, ingia kwa `gcloud auth login`, washa huduma kwa `gcloud services enable sqladmin.googleapis.com`, halafu:

`gcloud sql instances create depo --database-version=POSTGRES_16 --edition=enterprise --tier=db-custom-1-3840 --region=africa-south1 --storage-size=10GB --backup-start-time=23:00 --deletion-protection`

Ukisahau `--edition`, toleo la 16 linachukua Enterprise Plus, daraja la bei ya juu, na amri inakataliwa kwa kosa la "Invalid Tier". Wengi hapo hubadilisha tier (ukubwa wa mashine), amri inapita, na bili inapanda. Ukisahau `--region`, hifadhidata inazaliwa us-central1, Marekani, na kuihamisha baadaye ni shughuli ya kuunda nakala pacha kwingine na kuipandisha cheo. africa-south1 iko Johannesburg, imefunguliwa 2024. Ramani isikudanganye lakini: data inaweza kuzungukia Ulaya kabla ya kufika huko. Ukishaunganishwa, pima ndani ya psql, programu ya kuandikia maswali kwa PostgreSQL, kwa `\timing` kisha `select 1;`, mara kadhaa, kwa kila laini uliyo nayo.

Tier hiyo ina kichakata kimoja, kumbukumbu ya MB 3840 na nafasi ya miunganisho 100. db-f1-micro ni ya bei ndogo, ila inaishia miunganisho 25 na haina dhamana ya huduma; ibaki ya majaribio. Saa ya nakala rudufu ni ya UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo 23:00 ni saa 7 usiku kwetu. Ukinakili amri ya mwenzako wa Kinshasa, yeye yuko nyuma kwa saa moja.

Kuunda huchukua dakika kadhaa, na `gcloud` inaweza kuchoka kusubiri. Usirudie amri. Angalia `gcloud sql operations list --instance=depo` mpaka iseme DONE. Kisha weka neno la siri kwa `gcloud sql users set-password postgres --instance=depo --prompt-for-password`; ukiliandika ndani ya amri yenyewe, linabaki katika historia ya terminali.

Sehemu dhaifu ni `gcloud sql connect`, amri ya kujiunganisha na hifadhidata. Inairuhusu IP yako (anwani yako ya mtandaoni) kwa dakika 5, tena IPv4 tu, na laini za simu hubadilisha IP ovyo. Wapo wanaotatua hilo kwa kuruhusu 0.0.0.0/0, yaani dunia nzima. Badala yake tumia programu ya Google ya kupitishia muunganisho: `cloud-sql-proxy --gcloud-auth --port 5433 mradi:africa-south1:depo`, ukiweka jina la mradi wako: inasimba data yenyewe, wala haijali IP. Tumechagua mlango (port) 5433 kwa sababu PostgreSQL iliyo kwenye kompyuta yako huwa imeshika 5432. Ikikwama, angalia kama ukuta wa moto wa ofisi unazuia mlango 3307 wa kutoka.

Kwa duka moja la Katuba lenye kaunta moja, hatupendekezi Cloud SQL. Intaneti ikilala, mauzo yanalala, na saa za usiku unazilipia hata kama mlango umefungwa. `gcloud sql instances patch depo --activation-policy=NEVER` inaizima, lakini hifadhi inaendelea kulipiwa.

Kabla ya kuifuta, toa data kwa `gcloud sql export sql`. Ikileta kosa la 403, ujue anayeandika kwenye ndoo ya hifadhi (bucket ya Cloud Storage, faili linakowekwa) si wewe, ni akaunti ya huduma ya hifadhidata. Anwani yake iko kwenye `gcloud sql instances describe depo`, mstari wa serviceAccountEmailAddress. Ipe akaunti hiyo ruhusa ya `roles/storage.objectAdmin` kwenye ndoo hiyo, kisha urudie.