RAM ya kununulia Ryzen ya AM5 ukitaka kuovakloki: ipi ianze, ipi ikae mwisho

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo au Luthuli Avenue ukasema unatafuta RAM, utaulizwa swali moja: ya GB ngapi? Kwa mtu anayeongezea nguvu kompyuta ya ofisi, swali hilo linatosha. Kwa anayejenga mashine ya Ryzen (prosesa ya AMD) ya soketi AM5, inayotumia RAM ya DDR5, na kutaka kuisukuma kidogo kupita kasi rasmi, yaani kuovakloki, bado yapo mengine ya kuuliza: kasi, CL, na idadi ya stiki. Hapo ndipo hela nyingi hupotea. Mtu ananunua namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, anafika nyumbani, mashine inawaka kwa 4800, au inakaa na skrini nyeusi.

Msimamo wangu nausema mapema: nunua seti ya stiki mbili zilizopimwa pamoja kiwandani, kasi 6000, kisha tumia muda wako kuhakikisha imetulia. RAM yenye kosa moja kwa saa haikuambii kwamba ina kosa. Inaharibu faili la zip, inafunga gemu katikati, inalaza kichupo cha kivinjari, halafu wewe unamlaumu Windows au kadi ya grafiki.

Na kama mashine yako ni OptiPlex au EliteDesk iliyotumika, ile inayoshushwa na makontena kutoka Dubai au Uingereza, hapa si kwako. Mazabodi zake zimefungwa, ovakloki haipo. Ongeza GB, weka SSD, maisha yaendelee.

Namba mbili za kusoma kwenye boksi

Ya kwanza ni kasi, kama 5600 au 6000, yaani mamilioni ya uhamishaji wa data kwa sekunde. Ya pili ni CL, yaani mizunguko ambayo RAM inasubiri kabla ya kutoa ilichoombwa. CL peke yake haisemi kitu mpaka uiweke pamoja na kasi. Zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa kasi, utapata kusubiri kwenyewe kwa nanosekunde:

- 6000 CL30: 10
- 6000 CL36: 12
- 6000 CL40: 13.3
- 5600 CL46: 16.4
- 6400 CL32: 10
- 8000 CL38: 9.5

Angalia mstari wa kwanza na wa tano. Ni sawasawa. Tofauti yake iko dukani, kwenye bei, na ndani ya prosesa, ambako kidhibiti cha kumbukumbu kinapaswa kubeba mzigo. RAM ikiwa 6000, saa yake ni 3000 MHz, kwa kuwa data hupita mara mbili kwa kila mzunguko, na kidhibiti hicho nacho kinakwenda 3000 MHz, hatua kwa hatua na RAM yenyewe. Prosesa nyingi za AM5 zinaweza hilo bila kulalamika. Zikifika 6400 zipo zinazoweza na zipo zinazoshindwa, na ukizidi hapo mazabodi mara nyingi inashusha kidhibiti hadi nusu ya mwendo, kwa hiyo unapoteza mkono wa kushoto ulichopata mkono wa kulia. Ndiyo maana AMD wenyewe, walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022, waliitaja 6000 kuwa mahali pazuri pa kusimama, ingawa kasi rasmi ya RAM kwa prosesa hizo ni 5200. Ryzen 9000 za mwaka 2024 zilipandishwa rasmi hadi 5600, lakini ushauri wa 6000 haukubadilika sana.

1. GB 32 (2×16), 6000 CL30, yenye EXPO

Hii ndiyo ya kwanza kwa mtu anayetaka kuchezea. EXPO ni profaili ya AMD iliyoandikwa ndani ya stiki: unaingia BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla ya Windows kuwaka), unaiwasha, mazabodi inasoma kasi, CL na volteji bila wewe kukokotoa chochote. Seti hizi kwa kawaida hutumia volti 1.35 au 1.40, wakati DDR5 ya kawaida ni 1.1. Nyingi zimejengwa kwa chipu za SK Hynix, ambazo ndizo wapenda ovakloki wanazozitafuta kwa sababu hukubali kubanwa zaidi ya ilivyoandikwa kwenye boksi.

Boksi halitakuambia chipu ni ya nani. Kwa Corsair kuna njia: tafuta kwenye stika ya stiki neno "ver" na namba. Ikianza na 5 ni Hynix, 4 ni Samsung, 3 ni Micron. Kwa chapa nyingine, omba muuzaji aiweke kwenye mashine na ufungue programu ya CPU-Z, ukurasa wa SPD, unaosoma taarifa zilizoandikwa ndani ya stiki. Hapo utaona pia namba ya bidhaa, ambayo ilingane na ya kwenye stika. Isipolingana, rudisha mkononi mwake.

XMP ni profaili ya Intel. Stiki yenye XMP peke yake mara nyingi inafanya kazi kwenye AM5 pia, ila ukiwa na uchaguzi chukua ya EXPO.

2. GB 32 (2×16), 6000 CL36

Kwa wengi wanaoniuliza, hii ndiyo ninayowaambia wanunue, hata kama nimeiweka ya pili. Ukiwa na 7800X3D au 9800X3D, prosesa ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani yake) ya MB 96 ya ngazi ya tatu, na kashe hiyo inaifichia RAM uvivu wake. Tofauti ya CL30 na CL36 kwenye gemu huwa ndogo kiasi kwamba hutaiona bila kipimo. Hela inayobaki iweke kwenye kipoza cha prosesa au powa saplai ya maana.

3. GB 64 (2×32) au GB 48 (2×24), 6000

Ya wahariri wa video, wanaoendesha mashine pepe kadhaa, na wanaofungua vichupo kama hawatarudi kesho. Ile ya 48 haizungumzwi vya kutosha: inatumia chipu kubwa zaidi lakini kidhibiti cha prosesa kinaiona nyepesi karibu sawa na 2×16. Kwa anayehisi 32 inabana na 64 ni bei, hapo pana nafasi nzuri.

4. GB 32 (2×16), 5600 CL46, ya kawaida

Haina madoido, haina EXPO, inakwenda kwa volti 1.1, na inawaka siku ya kwanza. Ukipima utaona iko nyuma, hasa kwa prosesa zisizo na kashe kubwa. Lakini tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa kwa sababu viwanda vinahudumia vituo vya data vya akili bandia kwanza. Micron hata ilitangaza Desemba mwaka huo kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya wateja wa kawaida. Katika soko la namna hiyo, stiki mbili za kawaida zenye risiti si za kudharauliwa. Unaweza kuzijaribu kwa mkono hadi 6000 baadaye. Zikikataa, hujapoteza ulicholipia.

5. 6400 CL32

Nunua hii kama unapenda kazi yenyewe ya kusetisha. Kupata 6400 huku kidhibiti kikienda 3200 ni bahati ya prosesa uliyoipata, na dukani hakuna anayeweza kukuahidi. Ikishindikana, utaishusha hadi 6000 na itafanya vizuri tu, ila utakuwa umelipia 400 usizozitumia.

6. 7200 hadi 8000

Kwa Ryzen, hapana. Kwenye 8000 kidhibiti kinashuka hadi 2000 MHz, unahitaji mazabodi ya gharama, na faida inayobaki ni ya kupigia picha matokeo ya vipimo. Mwenye Intel ya kizazi cha 12 kwenda mbele hesabu yake ni nyingine, kwa kuwa huko kidhibiti kwa kawaida kinakwenda nusu tangu mwanzo na kasi ya juu ina maana. Akumbuke tu kwamba mazabodi ya B760 inamruhusu kupandisha RAM, lakini kuovakloki prosesa yenyewe, ile yenye herufi K, kunataka mazabodi ya Z, kama Z790. Na akinunua Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, aulize BIOS ilisasishwa lini: Intel walikiri mwaka 2024 kwamba mikrokodi, programu ndogo ya ndani ya prosesa, ilikuwa inaomba volteji kupita kiasi, wakatoa marekebisho kuanzia Agosti. Prosesa iliyokwisha kuumia hairudishwi na marekebisho hayo, na utabaki unahangaika na RAM isiyo na kosa.

7. Stiki nne, au seti mbili zilizochanganywa

Mwisho kabisa, na kwa makusudi. Ukijaza matundu yote manne ya AM5, kasi rasmi inashuka hadi 3600. Wapo wanaofika 6000 na stiki nne, kwa kuhangaika. Seti mbili zenye jina moja na namba moja zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani. Kwa hiyo usinunue 2×16 leo kwa mpango wa kuongeza 2×16 mwakani. Amua ukubwa sasa.

Bado uko AM4, soketi ya zamani, na DDR4? 3600 CL16 au CL18, stiki mbili, basi. Hata 3200 CL16 inasubiri nanosekunde 10 zilezile.

Kabla hujatoa hela

Mazabodi ya B650 inatosha kwa kila nilichosema. A620 inawasha EXPO lakini hairuhusu kuovakloki prosesa. Fungua tovuti ya aliyetengeneza mazabodi yako, tafuta orodha ya RAM walizozipima, ulinganishe namba ya bidhaa herufi kwa herufi. Pima pia urefu: stiki zenye taa na mabati marefu hugonga kipoza kikubwa cha hewa. Taa hazina kasi yoyote, zinaongeza joto na bei.

Jambo lingine linalofichwa kwenye maandishi madogo: kwa AMD, kuwasha EXPO kunahesabiwa kuwa ovakloki, na uharibifu unaotokana nayo hauingii kwenye dhamana ya prosesa. Watu wanawasha kila siku na hakuna linalotokea, lakini ujue.

Kuituliza

Sasisha BIOS kwanza, na ufanye hivyo ukiwa na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi isiyo na kitufe cha kurejesha BIOS kwa flashi inakwenda kwa fundi. Si suala la tahadhari tu: Aprili 2023 zilionekana 7800X3D zilizoungua kwenye soketi, na AMD wakaweka ukomo wa volti 1.3 kwa volteji ya SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu, kupitia BIOS mpya. BIOS ya zamani haina ukomo huo.

Chomeka stiki kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Washa. Skrini itabaki nyeusi kwa dakika kadhaa, kwa sababu mazabodi inajifunza RAM. Usizime. Hapa ndipo wengi humpigia muuzaji simu kwamba amewauzia kitu kibovu.

Ikiwaka, washa EXPO, rudi BIOS uangalie SoC. Mazabodi nyingi huipeleka karibu na 1.3 zenyewe, ikitulia kwa 1.20 au 1.25, iache hapo. Kisha fungua ZenTimings ndani ya Windows: MCLK (saa ya RAM) na UCLK (saa ya kidhibiti) zote zisome 3000. UCLK ikisoma 1500, kidhibiti kimeshushwa nusu na hela ya CL30 imepotea bure.

Sasa vipimo. Memtest86+ kutoka kwenye flashi, usiku mzima, kabla ya kuamini Windows yako na RAM hiyo. Halafu TestMem5 ndani ya Windows, kisha y-cruncher. Kosa moja ni kushindwa. DDR5 ina kirekebisha makosa ndani ya kila chipu, na wauzaji huitaja kana kwamba ni ECC, ulinzi kamili wa makosa wa RAM za seva. Siyo. Hakigusi makosa ya njiani kati ya stiki na prosesa, na ovakloki huleta hasa ya huko.

Joto ndilo linalowashinda watu wa pwani. Seli za RAM hupoteza chaji haraka zikipata moto, na stiki iliyobanwa timing (namba za kusubiri, CL ikiwa mojawapo) huanza kukosea ikishapita nyuzi 50 na kitu. Inaweza kufaulu kipimo cha usiku kisha ikafeli saa nane mchana Februari, feni za kadi ya grafiki zikiipulizia hewa ya moto. Kwa hiyo rudia kipimo huku kadi ya grafiki ikiwa inafanya kazi, ukitazama joto la stiki kwenye HWiNFO. Likizidi, elekeza feni moja ndogo kwenye RAM kabla hujagusa volteji. Kama uliongeza tREFI, muda kati ya kuchaji upya seli na kuchaji tena, ipunguze. Hiyo ndiyo timing inayoumia kwanza kwa joto.

Prosesa iguse baada ya RAM kufaulu, kamwe si pamoja, la sivyo hutajua nani kakosea. Kwa Ryzen za leo sishauri kufunga kasi moja kwa core zote. Washa PBO, mfumo wa AMD wa kupandisha kasi wenyewe, nenda Curve Optimizer, inayopunguza volteji, weka hasi 10 kwa core zote, uone joto linashuka na kasi inapanda. 7800X3D haikubali kupandishwa kizidishio, namba inayoweka kasi ya core, lakini hii inaikubali. Pima kwa CoreCycler, ambayo hupitia core moja baada ya nyingine, kwa sababu mashine isiyotulia hapa hugoma ikiwa imetulia kimya, si ikiwa imebanwa na kazi. Ikifaulu nenda hasi 15, kisha 20. Core moja ikigoma, irudishe hiyo peke yake hadi hasi 5, nyingine ziache zilipo.