Ngao ya Jomsborg kutoka Kadutu: chukua, ila ukingo wa chuma ukatae

Atelie moja ya maseremala huko Kadutu, Bukavu, inauza seti ya kuigizia habari za Palnatoke, mpiga upinde wa hekaya za Waviking (mabaharia wapiganaji wa kale wa Ulaya ya kaskazini), na ndugu zake wa vita wa ngome ya Jomsborg: ngao, shoka na kofia, dola 60. Ngao peke yake inakaribia kustahili bei hiyo yote.

Upana wake ni sm 80, kama ile iliyochimbuliwa mwaka 2008 Trelleborg, Denmark, kwenye ngome ya mfalme Harald Blåtand, ambaye hekaya inasema Palnatoke alimuua kwa mshale. Fundi hakukimbilia tripleksi. Ameunga mbao saba za sipre kwa kole, akazipiga randa hadi mm 8 katikati na mm 5 pembeni. Mpini unavuka mgongo mzima, na mbele kuna kikombe cha tole cha kukinga ngumi. Bila ukingo, uzito ni kama kilo 3, na hapo ndipo penye kazi: sheria ya Jomsborg ilimkataza mtu kumkimbia adui aliye sawa naye, kwa hiyo mwigizaji atasimama kwenye safu muda mrefu, ngao juu.

Ukingo ndio unaoharibu. Ni ukanda wa chuma unaoongeza zaidi ya nusu kilo. Shoka likiugonga unang'oka na ncha yake inabaki imechomoza usawa wa uso wa jirani. Omba utepe wa ngozi mbichi ya mbuzi badala yake: uloweke usiku kucha, toboa matundu kila sm 3, shona ungali laini. Ukikauka unajibana wenyewe.

Geuza ngao uangalie mgongo pia. Ngozi ikibandikwa mbele tu, inapokauka inavuta mbao na ngao inajipinda, tena zaidi kama mbao zilikuwa na unyevu, na kwa mvua za Bukavu hilo si ajabu. Dai ngozi nyembamba pande zote mbili, ikauke kivulini chini ya mawe. Uzito wake unafidiwa na ule ukingo uliouacha.

Shoka ni la chuma cha risori ya gari, imara sana. Sema mapema makali yaachwe butu, unene wa mm 3. Kofia inakuja na pembe za ng'ombe. Zikatwe: kofia ya Waviking ya Gjermundbu, iliyopatikana Norway mwaka 1943, haina pembe, na kwenye safu iliyobanana zinanasa mikuki ya wenzako.

Upinde haumo, na kwa habari ya Palnatoke hilo ni pengo kubwa. Katika hekaya, mshale uliomuua Harald ulikuwa umezungushiwa uzi wa dhahabu. Ulipoonyeshwa kwenye karamu ya matanga yake, Palnatoke alikiri mbele ya wote kwamba ni wake. Agiza mshale mmoja kando, uzungushie chini ya manyoya waya wa shaba uliochunwa kwenye kebo ya umeme, upana wa vidole vinne, ili hata aliyekaa nyuma auone.