Floti tatu za tangi na bili ya maji iliyopaa: ipi inafaa Dar

Nyumba iliyozoea uniti 14 kwa mwezi ikiletewa bili ya uniti 50, na hakuna mgeni aliyekuja wala bustani iliyopandwa, watu hukimbilia mambo mawili: kumlaumu msoma mita, au kuchimba ua wakitafuta bomba lililopasuka. Kabla ya kushika jembe, panda mnara wa tangi. Kwenye nyumba zenye simtank, anayestahili kushukiwa mwanzo ni floti, kile kidude chenye boya kinachopaswa kufunga maji tangi likijaa. Hununuliwa kwa haraka kuliko kifaa kingine chochote cha bomba. Fundi anaambiwa "lete floti yoyote", anaifunga, anashuka, na hakuna anayeitazama tena mpaka bili ipae.

Hapa tunazipima aina tatu zinazopatikana kwa urahisi, Kariakoo upande wa Gerezani na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mitaani: ya plastiki yenye mkono, ya shaba yenye mkono, na ile ya plastiki iliyosimama wima isiyo na mkono.

Kwanza hesabu, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini kitu kidogo hivi kinastahili maneno mengi. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Floti inayopitisha robo lita kwa dakika haina hata kelele. Ni uzi mwembamba wa maji unaoteleza kwenye bomba la kumwagia, lile linalotoa maji ya ziada tangi likijaa. Kwa siku ni lita 360. Kwa siku 30 ni uniti 10.8. Ikipitisha lita moja kwa dakika, ni uniti 43. Kama mtaani kwenu maji hutoka nusu tu ya muda, gawa kwa mbili, bado inauma.

Na Dar ina hila yake. Maji ya mgawo mara nyingi hupata nguvu usiku, watu wakiwa wamelala na mabomba ya jirani yamefungwa. Tangi hujaa saa 7 usiku, na floti hubaki peke yake inapambana na presha mpaka alfajiri. Asubuhi presha imeshuka, floti inafunga vizuri kabisa, na kwenye maeneo ya kichanga kama Kigamboni ardhi imeshakunywa ushahidi. Ndiyo maana fundi akija saa 4 asubuhi anasema hakuna tatizo.

Usinunue chochote kabla ya kuiuliza mita. Tarakimu nyeusi ni uniti kamili. Nyekundu, au vile vishale vidogo, ni sehemu ya uniti. Mita yenye 00412 nyeusi na 385 nyekundu imesoma uniti 412 na lita 385. Linganisha na bili: usomaji wa sasa ukitoa uliopita ndio uniti unazodaiwa. Kama namba ya bili ni kubwa kuliko iliyopo kwenye mita leo, tatizo ni la usomaji na floti haihusiki. Kosa la kutazama hasa ni nyekundu ya kwanza kusomwa kama nyeusi, 412 ikawa 4,123. Kosa jingine ni mwezi uliopita kukadiriwa chini, halafu mwezi huu mita ikasomwa kweli, na uniti za miezi miwili zikaangukia bili moja.

Namba zikilingana, fanya jaribio wakati maji yanatoka kwa nguvu na tangi limejaa. Funga mabomba yote ya ndani. Tazama kile kinyota au kipembe kidogo kwenye uso wa mita. Kinazunguka hata kwa maji kidogo sana. Funga koki iliyo mara tu baada ya mita. Kikisimama, maji yanapotelea upande wako. Kisiposimama, ama koki haifungi sawasawa ama kuna kasoro hapo hapo kwenye mita. Fungua koki hiyo, kisha ufunge ile ya chini ya tangi, kwenye bomba linalopanda. Kinyota kikizunguka bado, hapo ndipo pa kuchukua jembe, maana bomba la ardhini linavuja. Kikisimama, na kikaanza tena ukifungua koki ya tangi ilhali tangi limejaa, umempata: ni floti. Kama mtaa wenu hauna presha mchana, soma mita saa 5 usiku na tena saa 11 alfajiri, tangi likiwa limejaa na hakuna aliyetumia maji. Namba haipaswi kusogea.

Sasa floti zenyewe.

Ya plastiki yenye mkono ndiyo ya bei ya chini kupita zote, na haitupwi. Inafaa kwenye tangi linalopokea maji kutoka tangi jingine, au ndani ya tangi la choo, maana presha yake ni ndogo. Kwenye bomba la mtaani hatuipendekezi. Kiti chake, yaani ule ukingo wa tundu ambao washa (kile kipande cha mpira kinachoziba maji) hulalia, nacho ni plastiki, na mchanga unaokuja maji yakirudi baada ya mgawo hukikwaruza. Nyuzi zake huliwa fundi akikaza kwa spana badala ya mkono. Boya lake limeunganishwa kwa vipande viwili: litikise dukani, na ukilitoa kwenye tangi litikise tena. Likisikika maji ndani, limeshaanza kuzama.

Ya shaba ndiyo yenye mambo. Kwanza, nyingi zinazoitwa shaba si shaba. Kwaruza kwa ncha ya ufunguo mahali pasipoonekana: shaba ya kweli ni ya njano hadi ndani, ilhali aloi ya zinki iliyopakwa rangi inaonyesha weupe. Sumaku haitakusaidia kwenye kiwiliwili, kwa kuwa hainasi shaba wala zinki, lakini ipitishe kwenye mkono. Ikinasa, mkono ni chuma kilichopakwa na utaota kutu. Muuzaji akikataa ujaribu, nenda duka la pili; Kariakoo haijaishiwa maduka.

Jambo la pili, ambalo karibu hakuna mnunuzi anayeliuliza, ni upana wa tundu la ndani. Floti mbili za nusu inchi zinaweza kufanana nje kama pacha, moja ikiwa na tundu la milimita 3 na nyingine la milimita 6. Tundu likiwa pana mara mbili, maji yanasukuma washa kwa nguvu mara nne. Floti ya tundu kubwa inafunga vizuri mchana presha ikiwa ndogo, halafu usiku inasukumwa na kuachia. Zile zilizotengenezwa kwa mfumo wa Kiingereza huwa na herufi: HP ni ya presha kubwa na tundu lake ni dogo, MP ya wastani, LP ya presha ndogo na tundu lake ni kubwa. Zisizo na herufi, ziangalie kwa tochi kupitia upande wa nyuzi. Kijiti cha kiberiti kikipwaya sana mle, tundu ni kubwa.

Basi kila mtu achukue HP? Hapana, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapowaponza watu wa Dar. Kwa presha ya bar 1 pale juu kwenye floti, tundu la milimita 3 hupitisha kati ya lita 4 na 5 kwa dakika. Simtank ya lita 2,000 itachukua zaidi ya saa 6 kujaa. Mtaa unaopata maji saa tatu kwa siku utabaki na tangi nusu na bili nzuri. Tundu la milimita 6 hupitisha kama lita 18, na tangi hilo hujaa kwa saa mbili. Kumbuka pia mnara: kila mita 10 za kupanda hula bar 1, kwa hiyo mnara wa mita 4 umeshapunguza bar 0.4 kabla maji hayajafika.

Chaguo letu kwa nyumba ya kawaida ni floti ya shaba ya robo tatu inchi, tundu la wastani la karibu milimita 5, na boya kubwa kwenye mkono mrefu. Boya kubwa na mkono mrefu ndivyo vinavyoipa floti nguvu ya kukaba usiku. Uzuri mwingine ni kwamba inatengenezeka. Washa ikichakaa, funga koki, chomoa pini, mkono unatoka, pistoni inateleza nje, unafungua kofia yake na kuweka washa mpya ya mpira. Pitisha ukucha kwenye kiti: ukihisi mfereji, washa mpya haitasaidia kitu, badilisha floti.

Ya tatu, iliyosimama wima, inapendwa na vijana wa dukani kwa sababu haina mkono unaogonga kuta za tangi, na hufunga kwa mkupuo mmoja badala ya kudondoka taratibu dakika za mwisho. Hufanya kazi kwa kutumia presha ya maji yenyewe: kijitundu chembamba hujaza chumba nyuma ya mpira, na mpira unaziba. Kwenye maji safi yenye presha ya kudumu ni kifaa kizuri. Kwa maji ya mgawo tuna mashaka nayo. Chembe moja ya kutu ikiziba kile kijitundu, chumba hakijai na floti haifungi kabisa. Haivuji uzi, inamwaga. Presha ikiwa hafifu nayo haifungi sawasawa. Ukiitaka, weka kichujio kabla yake na ukisafishe kila baada ya mgawo mrefu. Tena hufunga kwa ghafla, kwa hiyo usishangae bomba likigonga usiku.

Kwa aina yoyote, ufungaji ndio unaoharibu. Weka koki ya kufunga na yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka) karibu na tangi, ili floti itoke bila kukata bomba. Suuza bomba kwanza: acha maji yatoke bure dakika mbili kabla ya kufunga floti, la sivyo vipande vya plastiki vilivyobaki bomba lilipokatwa vitakaa kwenye kiti siku hiyo hiyo. Pinda mkono ili maji yasimame sentimita 5 chini ya bomba la kumwagia. Na bomba hilo lisielekezwe kwenye shimo la maji machafu wala nyuma ya ukuta. Lielekeze mbele ya mlango wa jiko, mahali ambapo mtu ataloa. Matangi ya chini ya ardhi ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa humwaga bila kuonekana. Hayo yapimwe kwa mita tu.

Floti ikiwa salama, nenda chooni. Tia rangi ya keki kwenye tangi la choo, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka.

Wanaofunga mita ndogo za wapangaji wajue kitu kimoja. Mita ya kawaida ya nusu inchi ya daraja B, yenye Qn 1.5 (yaani mtiririko wake wa kawaida ni uniti 1.5 kwa saa), inawajibika kuwa sahihi kuanzia lita 30 kwa saa. Chini ya hapo inaweza kusoma pungufu, kwa hiyo jumla ya mita ndogo kuwa chini ya mita kubwa hakumaanishi kwamba kuna mwizi.

Malalamiko ya usomaji yaanzie ofisi ya DAWASA ya eneo lako (wengine bado wanaita Dawasco, ingawa ziliunganishwa 2018), na picha ya mita yenye tarehe pamoja na bili tatu za nyuma. Usiporidhika, hatua inayofuata ni EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na huko utaulizwa kama ulianza kwa mtoa huduma. Lakini maji yaliyopita kwenye mita yakamwagika kwako yanahesabika kuwa yako. Hapo cha kuomba ni kulipa kwa awamu.

Ukishabadilisha floti, andika usomaji wa mita na uisome tena baada ya siku 7. Nyumba ya uniti 14 kwa mwezi inapaswa kuwa imetumia uniti 3 na kitu. Ikiwa imepita 5, rudi kwenye kinyota.